Fyuzi ya Gari Lililombeba Baba

Kwetu maiti anaweza kukataa safari. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mtoto wa kuchunga ndama. Gari limebeba jeneza, linakwenda vizuri tu, halafu katikati ya mbuga linazima, na hapo hakuna anayehangaika na injini. Wazee wanashuka kwanza, wanasimama mbele ya jeneza na kumuuliza marehemu ana neno gani. Amemkasirikia nani? Nani alimnyima haki yake? Mwenye kosa akijitokeza akasema, gari linawaka na safari inaendelea. Simulizi hizo ni nyingi, na kila anayezisimulia alikuwepo, au shemeji yake alikuwepo. Zamani nilikuwa nazicheka waziwazi, hata msibani. Sasa sizicheki, ingawa siziamini hata leo.

Mimi ni dereva. Ninaendesha gari la ofisi moja hapa Bariadi, na kabla ya kukabidhiwa usukani nilisomea chuo cha ufundi, darasa zima la wanaume na mimi. Mwalimu wetu wa umeme wa magari alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini utani wake uliishia kwenye fyuzi. Hapo alikuwa anabadilika sura. Zima gari, chomoa ufunguo, halafu ndiyo uguse. Tafuta kwanza kilichoiunguza, maana ukiweka mpya bila kutafuta, nayo itaungua vilevile. Weka yenye namba ileile, wala usiongeze. Na kamwe usiweke waya, msumari, wala ile karatasi inayong'aa ya ndani ya paketi ya sigara, kwa sababu fyuzi iko pale ife ili waya zisiwake moto. Alituambia ameshaona mtu akiungulia ndani ya gari kwa ajili ya karatasi ya sigara. Tuliofundishwa naye hatukusahau, nadhani kwa sababu alipofika hapo alikuwa anatuangalia mmoja mmoja.

Baba aliugua figo. Nyumbani kwake ni upande wa Mwandoya, ambako yeye na mama walikuwa na nyumba, ng'ombe na shamba la pamba, lakini miezi yake ya mwisho aliimalizia kwangu Bariadi, karibu na hospitali. Mama alikuja naye. Mdogo wake baba, ambaye ninamwita baba mdogo, hakuridhika na mpango huo hata siku moja. Yeye alitaka kaka yake arudishwe kijijini na apelekwe kwa nfumu, mganga anayeaminika na ukoo. Mama alikataa. Si kwamba alidharau dawa za kienyeji, kwani amezitumia maisha yake yote, ila alikuwa ameona baba anavyopata nafuu kila anapotoka hospitalini, na aliogopa barabara ya kurudi.

Halafu baba mwenyewe akaanza kuomba. Alikuwa anasema, "Nirudisheni nikaone ng'ombe wangu." Mama alikuwa anamjibu kwa upole, "Utakwenda ukipata nguvu." Baba mdogo alikuja kumsalimia, akayasikia maombi hayo na jibu lake kwa masikio yake mwenyewe, akaondoka bila kumaliza uji. Baba hakupata nguvu. Alifariki asubuhi, mama akiwa amemshika mguu, mimi nikiwa nimetoka kufuata maji ya moto.

Inafaa nieleze mama alikuwa na nini cha kupoteza. Alinizaa mimi peke yangu, na mimi ni mwanamke niliyeolewa, kwa hiyo mbele ya ukoo wa baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea. Haki yake yote ilikuwa katika ujane wake. Mjane akikaa ndani ya nyumba ya msiba pamoja na akina shangazi, akanyolewa nywele pamoja na wafiwa wengine, basi nyumba ile ni yake mpaka naye azikwe ubavuni mwa mumewe. Lakini mjane ambaye marehemu amemkataa hana cha kudai. Asubuhi ya safari mama alifunga nguo zake zote kwenye shuka, hata zile chache alizokuwa ameniachia nizifue. Nikamwambia azibakize baadhi, atazikuta. Akasema, "Sirudi huku. Namzika, halafu nabaki naye." Alisema kama mtu anayekwenda kwake, na kweli alikuwa anakwenda kwake.

Baba mdogo ndiye aliyekodi gari, kigari cha abiria kilichong'olewa viti vya nyuma ili jeneza likae. Nyuma yake lilikuja lori la waombolezaji. Vioo vilifungwa vitambaa vyekundu. Na kwa kuwa baba mdogo ni kiongozi wa kwaya, mtu anayeimba Jumapili na kutambika Jumatatu bila kuona tofauti, alikuwa amekuja na spika yake kubwa, ameifunga juu ya paa kwa kamba ya katani. Kaka yake hawezi kurudi nyumbani kimyakimya kama mwizi, alisema. Sikuona walivyoiunganisha. Nilikuwa chumba cha maiti na mama, tunamfunika baba shuka lake, na mhudumu anatuhimiza kwa sauti ya chini kwamba tusichelewe njiani, hali ya mwili si nzuri na jua la siku hizi mnalijua.

Tuliondoka nyimbo zikiwa juu. Mimi na mama tulikaa nyuma na jeneza, mama ameweka kiganja chake juu ya kifuniko. Lami ilitupeleka vizuri mpaka Maswa. Tulipopita Nyalikungu, palepale mjini Maswa, watu walisimama mbele ya maduka yao na wanaume wakavua kofia, na nikaona fahari kidogo, sitaificha. Nilisema moyoni kwamba baba mdogo ana kelele lakini leo amefanya jambo la heshima. Halafu tukaiacha lami, na barabara ikaanza kututikisa. Ulikuwa wakati wa kuvuna pamba. Vipande vyeupe vilikuwa vimenasa kwenye miiba pande zote mbili za njia, na vumbi limevigeuza rangi.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Injini ikakohoa mara moja, ikazima, na gari likajivuta lenyewe pembeni. Kabla hata halijasimama sawasawa, nilimsikia baba mdogo, aliyekuwa amekaa mbele na dereva, akisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hilo:

"Amekataa."

Dereva alikuwa kijana wa mjini, hakutaka habari za kukataa. Aliinama chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja ya njano, akaitupa, akapachika nyingine ya njano aliyokuwa nayo kwenye droo. Akawasha. Injini ikaitika, na palepale wimbo ukalipuka juu ya paa kwa nguvu zote, neno moja tu, halafu vyote vikafa kwa pamoja. Watu walikuwa wameshaanza kushuka kwenye lori. Wanawake waliangua kilio. Kwa kweli, kama nisingekuwa najua kilichoko ndani ya kisanduku kile, na mimi ningesema baba amejibu.

Nilishuka. Nilimwambia dereva atoke, nikamuuliza kama amechomoa ufunguo. Hakuwa ameuchomoa, alikuwa ameweka fyuzi huku swichi imewashwa. Nikamwambia auchomoe na auweke kitini ninapouona. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaingiza kichwa chini ya usukani, na sikuhitaji kutafuta. Waya mwekundu ulikuwa umemenywa ncha, umeingizwa kwenye tundu la ile fyuzi ya njano na kushindiliwa pamoja na mguu wake. Ndiyo fyuzi inayolisha pampu ya mafuta. Niliufuata waya kwa vidole. Ulipita sakafuni, chini ya reli ya kiti cha mbele, kwenda kwenye mashine ya spika. Pale kwenye reli ngozi ya waya ilikuwa imesagika yote, shaba inagusa chuma. Kila barabara ilipotutikisa, kiti kilikuwa kinaukata, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekuwa amekikalia.

Niliuchomoa ule waya pamoja na fyuzi iliyoungua, nikavitupa nje.

"Unafanya nini?" Baba mdogo alikuwa amesimama juu yangu. "Unataka kumnyamazisha baba yako?"

"Nataka gari liwake, baba. Huu waya ndio unaounguza fyuzi. Angalia mwenyewe, hapa umechubuka."

Hakuangalia. Dereva alisema hana fyuzi nyingine, na nilipogeuka nikakuta ameshatoa paketi ya sigara na anachana karatasi yake ya ndani, anaikunja vizuri kwa kucha. Nilimpiga mkono ikaanguka. Nilikuwa nimekasirika sana, na huyo ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia hapa kuna mafuta, kuna waya uliochubuka, na ndani kuna baba yangu, kwa hiyo akitaka kuchoma moto akachome kwao. Dereva akasema, "Samahani, dada," akarudi nyuma.

Gari lolote lina fyuzi ambazo kwa siku ile hazina kazi. Ya vifuta kioo ilikuwa na namba ileile, njano ileile, na mvua ilikuwa imeshatusahau tangu zamani. Niliichomoa, nikainyanyua juani, nikaona uzi wake wa ndani mzima haujakatika. Nikaikandamiza mahali pa ile iliyoungua mpaka ikakaa. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikasimama.

"Washa," nilimwambia dereva.

Dereva akaangalia kitini, nami nikaangalia. Ufunguo haukuwepo. Baba mdogo alikuwa ameutia katika mfuko wa koti lake, na mkono wake ulikuwa ndani pamoja nao.

"Hakuna atakayewasha gari," alisema, "mpaka mwenye neno aseme."

Nilijaribu kwanza kwa adabu. Nilimwambia, baba, nimeshalitengeneza, acha dereva ajaribu mara moja tu. Likikataa, fanyeni mnavyotaka, na mimi mwenyewe nitapiga magoti. Alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na sitamsingizia, alikuwa amemlilia kaka yake usiku kucha.

"Likiwaka sasa, ng'wana wane, mwanangu, tutakuwa tumemlazimisha," alisema. "Aliomba kurudi akiwa hai, akazuiwa. Leo amekufa, naye bado mnamburuta kama mnavyotaka ninyi. Umewahi kuona mtu amezikwa kwa lazima, halafu watu wake wakapona?"

Nikasema basi tumhamishie kwenye lori. Wazee wawili wakadakia kwa pamoja kwamba maiti hahamishwi njiani kama robota la pamba. Nikaona hapo maneno yameisha, nikamkamata koti. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo, kwamba ni mwongo, kwamba spika yake ndiyo iliyotuzimia gari, kwamba anachotaka ni ng'ombe. Shangazi zangu wawili walinishika mikono, mmoja huku, mmoja huku, wakininong'oneza, "Tulia, mayu, tulia mama," kama unavyomtuliza mwanamke anayejifungua. Dereva alikuwa anaangalia matairi. Gari lilikuwa zima, limekaa pale kama gari lolote linalosubiri mwenyewe, na watu wote wale walikuwa wanaliogopa.

Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na mti wa maana, vichaka vya miiba tu, na watu walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha lori. Mlango wa nyuma wa kigari uliachwa wazi ili hewa iingie, lakini kilichoingia ni nzi. Harufu ilikuwa imeanza. Haikuwa kali bado, ila kila mtu alikuwa ameshaisikia na kila mtu alikuwa anajifanya hajaisikia. Kanga moja ambayo mtu alikuwa akijifutia jasho ikapanda ikakaa puani, haikushuka tena. Nilimchukia baba mdogo pale kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mwingine, na mpaka leo nikiisikia kwaya kwenye spika mahali popote naondoka.

Muda wote huo mama alikuwa bado ndani, amekaa sakafuni pembeni ya jeneza, kiganja chake palepale. Halafu nilimwona anajivuta mpaka mlangoni, anashusha mguu mmoja, anashusha wa pili, anafunga kitenge chake vizuri. Nilimwita, "Mayu, rudi ndani! Gari ni zima!" Hakunitazama. Akapiga magoti kwenye vumbi nyuma ya gari, mbele ya mlango ule uliokuwa wazi, na watu wakasogea kutoka kwenye kivuli.

Alisema kwa Kisukuma, taratibu, akimwambia baba na si sisi.

"Uliniomba nikurudishe nyumbani, nikakataa. Watu wako walitaka kukupeleka kwa mganga wao, nikakataa. Nilikuweka mbali na ng'ombe wako na kaburi la mama yako. Kosa ni langu. Usiwakasirikie hawa, nenda ukalale."

"Na lingine," alisema baba mdogo.

"Hakuna lingine."

"Watu wanasubiri, shemeji. Nani alimfanya asifie kwao?"

Nilikuwa napiga kelele, najua, lakini sikumbuki nilisema nini, maana shangazi mmoja alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mimi," mama alisema. "Nilimzuia, akafia mbali. Ni mimi."

Baba mdogo aligeuka kwa watu. "Mmesikia?"

"Tumesikia."

Ndipo akautoa ufunguo mfukoni akampa dereva. Gari liliwaka palepale, bila hata kusita, na kwaya haikuimba, kwa kuwa waya wake ulikuwa umelala kwenye majani. Nilisikia vigelegele. Vigelegele, kwenye msiba! Mzee mmoja alivua kofia na kusema mkubwa amekubali. Nilipiga kelele kwamba ni fyuzi, ni fyuzi, nikawaonyesha vidole vyangu vyenye uchafu wa chini ya usukani. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Walinipandisha garini kwa huruma kabisa, wakinipa pole kwa kufiwa na baba.

Tulimzika siku ileile. Mama hakuingia ndani ya nyumba. Hakuna aliyemkataza kwa maneno, ila alipofika mlangoni aliwakuta akina shangazi wamekaa wameujaza mlango, na hakuna aliyesogea. Alikalia mkeka nje ukutani, pamoja na majirani na watu waliotoka mbali. Wakati wa kunyoa walimruka. Mimi nilinyolewa, yeye akabaki na nywele zake, na kwa macho ya watu wote alikuwa ni mgeni aliyekuja kutoa pole. Nililala naye palepale nje. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na chungu chake, kinu chake na kitanda alichonizalia.

Kilipoitishwa kikao cha ukoo nilikwenda na fyuzi mbili mfukoni. Moja aliitupa dereva, nyingine niliitupa mimi, lakini nilikuwa nimeziokota zote pale njiani, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kazi. Niliwaeleza kila kitu kwa utaratibu, bila matusi: waya ulikotoka, ulikopita, reli ya kiti, nilichokichomoa na nilichokipachika kabla mama hajafungua mdomo. Nilisema ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani. Baba mdogo hakubisha hata neno moja. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliomba zile fyuzi. Alizishika vizuri, akazichungulia kwenye mwanga moja baada ya nyingine, akaona jinsi uzi wa ndani ulivyokatika na kuacha weusi. Alinisifu kwa elimu yangu, na hakuwa ananikejeli.

"Waya huu uliwekwa Bariadi," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Mkapita Maswa nao ukiwa uleule."

"Ndiyo. Kule ni lami. Huku barabara iliusaga."

"Barabara hii unapita na gari la ofisi. Mara nyingi, nasikia. Limewahi kuzima?"

"Hapana, babu, lakini halina—"

"Basi mimi sikatai fyuzi, mjukuu wangu. Fyuzi imeungua, nimeiona. Ninachouliza ni nani aliyeiunguza siku hiyo, mahali pale, na baba yako yumo ndani."

Aliyasema bila ubaya wowote, akanirudishia fyuzi zangu kwa mikono miwili. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilizirudisha mfukoni, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia njiani waliponipa pole.

Baba mdogo alimalizia kwa maneno machache. Alisema hakuna anayemfukuza shemeji yake, Mungu apishe mbali, ila shemeji mwenyewe alijitoa kwa kinywa chake mbele ya watu, na marehemu akapokea, kila mtu aliona. Ng'ombe wataingia zizini kwake. Nyumba atakaa kijana wake anayetaka kuoa. Shamba litalimwa na ukoo. Mama aliulizwa kama ana neno. Akasema hana, amekubali. Alilichukua lile furushi la shuka, ambalo lilikuwa halijafunguliwa, akatangulia kutoka.

Sasa anakaa kwangu, chumba cha uani. Hapiki ndani, anasema moshi wa mkaa wa mjini unamkera, anakaa nje na kisu akimenya viazi vitamu vya kukausha, michembe mingi kuliko tunayoweza kula. Kwa muda mrefu sikuweza kulizungumza jambo lile naye. Nilikwenda kumwona mtu wa msaada wa sheria, nikamweleza, akaniambia kesi ipo na nyumba inaweza kurudi. Kukiri kwa mtu aliyedanganywa hakuna nguvu, alisema. Nilirudi nyumbani nimechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mama, nikamwambia tunakwenda mahakamani, na nikamfundisha atakachosema: kwamba aliamini baba amekataa, kwamba aliogopa, kwamba hakujua kuwa gari limeshapona, kwamba laiti angejua asingesema neno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia hiyo, hamkatizi mtu.

"Hilo la mwisho sitalisema," alisema.

"Kwa nini, mayu?"

"Kwa sababu si kweli. Nilikuwa mle ndani. Nilikuona umeingiza kichwa chini ya usukani, nikakuona unakichungulia kile kidude juani, ukakipachika, ukafuta mikono. Ukamwambia dereva washa." Alikata kiazi, akakitandaza kwenye mkeka pamoja na vingine. "Tangu umeshika usukani sijawahi kukusikia unasema washa na gari lisiwake. Nilijua ni zima."

Nadhani nilisimama. Nakumbuka nilimuuliza kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie ukutani. Ulijua? Ulijua, na ukapiga magoti? Umewapa nyumba, umewapa ng'ombe, umewapa mahali pako pa kuzikwa, na ulijua?

"Ufunguo alikuwa nao shemeji," alisema. "Wewe ulikuwa unagombana naye, na ungemshinda, mwanangu, una maneno wewe. Jioni, au kesho yake. Lakini mimi kiganja changu kilikuwa juu ya sanduku, na ubao ulikuwa umeshaanza kulowa." Akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Ningemwacha juani mpaka ushinde?"